KIPIMO CHA UMEME WA MOYO: MASHINE HAIKUPIGI UMEME



Kwenye karatasi za rufaa za baadhi yenu mganga ameandika herufi tatu: ECG. Hicho ndicho kipimo cha umeme wa moyo. Nikipita nyumba kwa nyumba nasikia mengi juu yake, kwamba mgonjwa hufungwa waya akapigwa umeme, au kwamba mashine humnyonya mtu nguvu. Wapo waliokataa kupanda gari la rufaa kwa sababu hiyo. Siwacheki. Baadhi yetu tumetoka mahali ambapo waya wa umeme ulitumiwa kutesa watu. Basi tulijue jambo lenyewe.

Umeme ule hautoki kwenye mashine, unatoka kwako. Juu ya moyo, upande wa kulia, pana sehemu ndogo inayojiwasha yenyewe, kwa mtu mzima aliyetulia mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kila ikijiwasha, umeme hupita katika vyumba viwili vya juu, navyo hujikunja na kusukuma damu chini. Halafu umeme husubiri kidogo, kama sehemu ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya chini vijae. Ndipo hushuka, navyo vikajikunja. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono, utahisi pigo hilo.

Umeme huo hufika hadi kwenye ngozi, lakini ni mdogo mno, karibu milivolti 1. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, yaani mara 1,500 zaidi! Mashine inaupokea tu, kama redio inavyopokea matangazo.

Mholanzi Willem Einthoven, wa mji wa Leiden, ndiye aliyetengeneza chombo cha kuuandika vizuri, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na kilihitaji watu watano kukiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi, kwa kuwa maji hayo hupitisha umeme. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi mashine hubebwa mkononi, na badala ya ndoo utapakwa ute wa baridi au kubandikwa vibandiko.

Karatasi inayotoka ina mstari wenye vilima. Kilima kidogo cha kwanza ni vyumba vya juu, kile kirefu chembamba ni vyumba vya chini, na cha mwisho ni moyo ukijiandaa upya. Kwa kawaida miraba mikubwa mitano ni sekunde 1. Kama mapigo yako yako sawasawa, hesabu miraba mikubwa kati ya vilima virefu viwili, kisha gawa 300 kwa idadi hiyo. Ukipata miraba 4, moyo unapiga mara 75 kwa dakika. Mengine mwachie daktari.

Kipimo huonyesha muda ule ule tu. Kama moyo wako hukimbia usiku na kutulia asubuhi, karatasi inaweza kuwa nzuri na ugonjwa upo. Mweleze daktari saa unapokusumbua, wala usishangae ukipimwa tena.

Siku ya kupimwa usipake mafuta kifuani. Utavua nguo ya juu. Mama anaweza kuomba muuguzi wa kike na kujifunika kitenge. Waya ni 10, 6 kifuani na 4 kwenye mikono na miguu. Lala kimya bila kutikisika. Ni dakika chache tu.

Lakini mwenye maumivu ya kubana kifuani, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho au kupumua kwa shida, asingoje siku ya gari. Apelekwe zahanati saa hiyo hiyo, hata usiku.

Ukipewa nakala ya karatasi, rudi nayo zahanati. Nyingi hufifia zikikaa juani, kwa hiyo itunze mahali pamoja na kadi yako ya mgao.