SOMO LA WIKI: Kutoa gari la msaada na hesabu yake ya kodi

Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam–Lindi kukatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, ilionekana wazi jinsi ukanda huu unavyotegemea usafiri. Kwa kituo cha yatima au kikundi cha huduma za afya kilicho mbali na hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, pikapu moja nzima ni mali kubwa.

Mfanyabiashara wa Kilwa Masoko mwenye pikapu ya ziada aweza basi kuona kwamba akiitoa bure atapata thawabu na punguzo la kodi kwa pamoja. Punguzo lipo, ila ni dogo kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani, au kwa mradi wa maendeleo ya jamii, uondolewe kwenye mapato ya biashara kabla ya kodi. Kikomo chake ni asilimia 2 ya mapato hayo. Tuchukue mfano wa kampuni ya ufuta yenye faida ya shilingi milioni 40, inayotoa pikapu yenye bei ya soko ya milioni 12. Kinachokubaliwa ni 800,000 tu. Kwa kiwango cha kodi ya makampuni cha asilimia 30, nafuu ni shilingi 240,000, wala si milioni 3.6 kama mwenye mali alivyojipigia hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo wahasibu wengi hulisema baadaye, gari likiwa limeshaondoka. Pikapu ya kazi hupunguzwa thamani vitabuni kwa asilimia 37.5 kila mwaka. Iliyonunuliwa milioni 30 hubaki na takriban milioni 7.3 baada ya miaka mitatu. Ikitolewa bure, huhesabiwa kana kwamba imeuzwa kwa bei ya soko; na kama kampuni haina mali nyingine katika kundi hilo la uchakavu, ziada ya milioni 4.7 huingia kwenye mapato. Kodi ya ziada hiyo inapita milioni moja, yaani mara kadhaa ya nafuu iliyopatikana!

Wapo wasioguswa kabisa na punguzo hili. Mwenye duka anayetozwa kwa kiwango cha mauzo hana mahali pa kuliingiza. Mfanyakazi wa mshahara hali kadhalika. Mwenye hisa za kampuni zilizoandikishwa Soko la Hisa la Dar es Salaam naye hukatwa asilimia 5 ya gawio juu kwa juu, na hesabu yake huishia hapo.

Hata Marekani, ambako kutoa gari kuukuu ni desturi ya miaka mingi, sheria ilikazwa kuanzia 2005: kwa magari mengi yanayodaiwa zaidi ya dola 500, punguzo hufuata bei ambayo taasisi imeliuzia gari hilo.

Anayetaka nafuu kamili anaweza kuuza gari na kuchangia fedha Mfuko wa Elimu, ulio chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania. Mchango huo haubanwi na kikomo cha asilimia 2. Tatizo ni kwamba fedha hizo zitakwenda kwenye elimu, na kituo cha Kivinje kitabaki bila gari. Hapo mtoaji ndiye wa kuamua.

Akichagua kutoa gari lenyewe, kwanza aombe nakala ya uamuzi wa Kamishna Mkuu wa TRA unaoitambua taasisi hiyo kuwa ya hisani, maana cheti cha usajili pekee hakitoshi. Apate tathmini ya bei kwa maandishi na hati ya makabidhiano yenye namba ya gari. Kisha umiliki ubadilishwe TRA kabla ufunguo haujatoka mkononi, kwani faini za barabarani hufuata namba ya gari, na jina lililoko kwenye kadi ndilo litakaloulizwa.