Santuri ya Awaara ni ya mwaka gani?

Swali: Nyumbani Moshi tuna santuri kubwa ya nyimbo zote za filamu ya Awaara. Je, ni toleo la kwanza?

Jibu: Sidhani. Filamu ilitoka 1951, na wakati huo nyimbo za filamu za Kihindi ziliuzwa kwenye sahani za mizunguko 78 kwa dakika, nzito na rahisi kuvunjika, kila upande ukibeba takriban dakika tatu tu. Nyimbo zote kwenye sahani moja ya mizunguko 33 ni mkusanyo wa baadaye. Utasema jalada limeandikwa 1951. Huo ni mwaka wa filamu. Jalada si shahidi mzuri: sura iliyo juu yake ni ya mwigizaji Raj Kapoor, ilhali sauti kwenye wimbo uliovuma ni ya mwimbaji Mukesh! Hata hivyo, ihifadhi santuri hiyo wima, mbali na jua na vumbi la kiangazi.