Mche wa Maharage na Chupa ya Soda: Jaribio la Sayansi kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi huja nayo darasani bila ya kufundishwa na mwalimu yeyote ni imani kwamba soda hutia nguvu. Amemwona mgonjwa akipelekewa soda, amemwona mgeni akinunuliwa soda, naye mwenyewe huipata siku ya sikukuu. Akiulizwa mche wa maharage utakuwaje ukimwagiliwa soda badala ya maji, aghalabu atajibu kuwa utarefuka upesi. Jibu hilo si la kuchekwa, kwani lina hoja ndani yake: sukari ni chakula, mmea wahitaji chakula, basi mmea utanufaika. Tunakusudia kuonyesha hapa jinsi mwalimu awezavyo kuichukua hoja hiyo kama ilivyo na kuipima mbele ya wanafunzi wenyewe.

Vifaa ni vyepesi kupatikana. Yatakiwa makopo tisa ya ukubwa mmoja, yaliyotobolewa matundu chini. Udongo uliochanganywa pamoja kabla ya kugawanywa. Na mbegu za maharage za aina moja. Katika kila kopo zipandwe mbegu tatu, zimwagiliwe maji matupu mpaka ziote, kisha ubakizwe mche mmoja. Hapo ndipo makopo yagawanywe makundi matatu. Kundi la kwanza lipewe maji, nalo ndilo la kulinganishia. La pili lipewe soda. La tatu lipewe maji ya sukari, kwa sababu tutakayoieleza punde. Kila mche upate mililita 30 mara tatu kwa juma, zikipimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kwa kipimo hicho kundi la soda hutumia mililita 270 kwa juma, yaani chupa moja ya kawaida. Udongo ukikauka upesi kwa sababu ya joto, kipimo kiongezwe kwa makopo yote tisa, wala si kwa yale yanayosikitisha peke yake. Mwalimu ajihadhari na wanafunzi wenye huruma, ambao huja mapema asubuhi kumwagia maji mche ulionyauka.

Kundi la tatu ndilo ambalo walimu wengi huliacha, na kwa maoni yetu ndilo lenye mafunzo zaidi. Soda si kitu kimoja. Ndani ya chupa mna maji, sukari, asidi, gesi ya kabonidioksidi, rangi na viungo vya ladha. Mche ukidhoofika, ni kipi kilichoudhoofisha? Mwenye makundi mawili tu hana la kujibu. Soda nyingi za kawaida huwa na sukari ipatayo gramu 10 katika kila mililita 100. Kwa hiyo vijiko vya chai kumi katika nusu lita ya maji hutoa utamu unaokaribiana nao. Ikiwa makundi ya pili na ya tatu yatadhoofika kwa namna moja, darasa litakuwa na sababu ya kuishuku sukari kwanza. Ikiwa la soda litadhoofika zaidi, yafaa asidi nayo ichunguzwe. Soda nyeusi za kola ni kali kwa asidi, kipimo chake cha pH kikiwa karibu 2.5, ilhali mazao mengi hupenda udongo ulio kati ya 5.5 na 7. Hata hivyo udongo una uwezo wa kupunguza makali ya asidi, basi mwalimu asiharakishe kuitupia lawama. Gesi nayo hutoka yenyewe mara chupa inapofunguliwa.

Yanayotarajiwa ni haya. Katika siku za kwanza tofauti yaweza kuwa ndogo. Baadaye majani ya miche ya soda na ya sukari hulegea, kingo zake hugeuka rangi ya kahawia, udongo hunuka uchachu, ukungu huota juu yake na sisimizi huja kwa safu. Jambo la kuwashangaza wanafunzi ni kuona mche ukinyauka huku udongo ungali umelowa. Hapa ndipo pa kueleza osmosisi, na kachumbari yatosha kuwa zana. Kila mtoto ameona nyanya na vitunguu vilivyotiwa chumvi vikitoa maji bakulini. Maji huvutwa kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Jua linapokausha kopo, maji huondoka lakini sukari hubaki. Ikimwagiliwa soda nyingine, sukari huongezeka juu ya ile ya kwanza, hata mizizi ishindwe kuvuta maji yaliyo karibu nayo. Zaidi ya hayo, sukari ni karamu kwa vijidudu vya udongoni, navyo vikizaliana hutumia oksijeni na naitrojeni ambazo mizizi yazihitaji.

Kumbe mmea hauhitaji kuletewa sukari. Huitengeneza wenyewe majanini kwa usanisinuru. Yafaa hapa kusimulia habari za Jan Baptist van Helmont wa Brussels, ambaye jaribio lake lilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alipanda mche wa ratili 5 katika udongo mkavu wa ratili 200, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti ukafikia ratili 169 na zaidi, na udongo ukapungua wakia 2 tu. Akaamua kuwa mti wote umetokana na maji. Kupima alipima vyema, lakini hakuihesabu hewa.

Kuhusu vipimo, urefu peke yake hudanganya, kwa maana mche ulio gizani hurefuka ukiwa dhaifu. Wanafunzi wahesabu pia majani na waandike rangi yake. Na likitokea kopo moja la soda likastawi kuliko la maji, lisifichwe wala lisiondolewe kwenye jedwali. Mwanafunzi akiona mwalimu amefuta hesabu isiyompendeza, atakuwa amefundishwa kufuta. Kwa sababu hiyo hiyo jibu lisiandikwe ubaoni kabla ya juma la pili kwisha.

Hadhari moja zaidi. Baadhi ya wanafunzi watakata shauri kwamba kinachoua maharage humwua na mtu, wakaenda nyumbani kumnyang'anya mgonjwa chupa yake. Jaribio hili halikusema hivyo. Mtu humeng'enya sukari tumboni. Mche hauna tumbo. Madhara ya sukari nyingi kwa meno na mwili wa binadamu yapo, lakini yana ushahidi wake wa namna nyingine, na somo lake ni jingine.

Katika juma la tatu, kopo mojamoja kutoka makundi ya pili na ya tatu lirejeshwe kwenye maji matupu, na kabla ya kumwagilia kila mwanafunzi aandike katika daftari lake kama miche hiyo itapona, na kwa nini anadhani hivyo.