Dondoo Muhimu: Kukagua Usafishaji Mdogo wa Viendeshaji vya Vifaa

BRCK, ruta iliyobuniwa Nairobi na kutangazwa mwaka 2013, huendeshwa na Linux. Katika kifaa cha namna hiyo, kosa dogo kwenye kiendeshaji cha modemu humkatia mtandao mtumiaji aliye mbali na fundi. Kwa hiyo hata usafishaji mdogo wa msimbo hukaguliwa kwa makini.

• Kiraka kimoja, kazi moja. Kubadilisha majina ya vigeu kusichanganywe na kurekebisha hitilafu.

• Utendaji ubaki vilevile. Njia za makosa zifuatwe hadi mwisho: kumbukumbu iliyotengwa iachiliwe, kufuli iliyofungwa ifunguliwe.

• Onyo la checkpatch.pl, skripti ya Linux ya kukagua viraka, si amri. Skripti hiyo huweza kupendekeza usleep_range() badala ya udelay(). Ya pili husubiri bila kulala; ya kwanza hulala. Ya kwanza ikiitwa katika msimbo unaoshughulikia katizo, au spinloki ikiwa imeshikwa, mfumo mzima unaweza kukwama.

• Msimbo ukompailiwe. Chaguo la W=1 huonyesha maonyo ya ziada. Pale inapowezekana, kiraka kijaribiwe kwenye kifaa chenyewe.

• Maelezo ya kiraka yataje sababu. Kilichobadilika huonekana kwenye msimbo. Sababu ya kubadilika lazima iandikwe. Alama ya Fixes huwekwa kwa hitilafu halisi tu, kwani viraka vyenye alama hiyo huweza kuingizwa katika matoleo thabiti.

• Alama ya Reviewed-by si dhamana kwamba msimbo utafanya kazi ipasavyo. Hutolewa na aliyekagua kiraka kiufundi na kuridhika.