Baada ya Mionzi: Hofu Isiyosemwa ya Aliyepona Saratani

Mwanamke wa Mgogoni, Kaskazini Pemba, anapogunduliwa kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, huvuka bahari kufuata tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa kawaida mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hivi. Anaporejea, majirani humjia: "Alhamdulillahi, umepona." Naye huitikia kwa shukurani, na shukurani hiyo ni ya kweli. Lakini tangu hapo humwia vigumu kusema jambo jengine lolote, kwani nani atalalamika baada ya kunusurika?

Daktari Mmarekani Fitzhugh Mullan, ambaye mwenyewe aliugua saratani, aliandika mwaka 1985 kwamba kunusurika kuna misimu mitatu. Wa kwanza ni wa uchunguzi na tiba. Wa pili huanza tiba inapokoma. Wa tatu ni pale uwezekano wa maradhi kurudi unapokuwa mdogo sana. Msimu wa pili ndio unaosahauliwa. Mgonjwa hayumo tena mikononi mwa wauguzi, na jamaa waliomuuguza wamerudi kwenye shughuli zao. Kila maumivu ya kiuno huyadhania kuwa ni uvimbe unaorejea. Siku za kliniki zikikaribia, usingizi humpaa.

Lipo na jengine, zito zaidi kutamkika. Mionzi ya nyonga huweza kukausha na kubana uke, na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi huweza kuikatisha kabla ya wakati wake. Tendo la ndoa huuma. Mume asiyeelezwa hudhani amekataliwa, au huogopa kuambukizwa, ilhali saratani yenyewe haiambukizi. Mke naye huogopa talaka, au kuletewa mke mwenza, na hunyamaza ili kuhifadhi stara. Vipo vilainishi na vifaa vya kupanua uke vinavyosaidia, pamoja na ushauri kwa wanandoa wote wawili. Kungoja mgonjwa ayaanze mwenyewe mazungumzo haya ni kosa la wataalamu, si lake.

Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuanza, kwa faragha, na maswali mawili: "Mama, katika wiki mbili zilizopita umekuwa mnyonge au umekata tamaa? Mambo uliyokuwa ukiyapenda, bado yanakufurahisha?" Akionesha kwamba moyo wake umelemewa, hilo si udhaifu wa imani, ni sababu ya kumchunguza zaidi, kwani sonona inatibika. Anayesema hatamani kuishi asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa jamaa, kumwambia "Usiseme hivyo, mshukuru Mungu" humrudisha kimyani, hata yanapotoka kwa mwenye huruma. Dada aliyeketi naye ukumbini anaweza kumuuliza, "Unaogopa nini zaidi?" kisha akanyamaza, akasikiliza.