Jina Usiliache Peke Yake, Mdogo Wangu

Kwanza futa machozi. Umesema «je mange viande», jirani Mkongomani akacheka, sasa hutaki tena kwenda darasani. Hebu niambie, mdogo wangu, mficha uchi huzaa lini? Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ipo huko kwenu Turkana tangu 1992, na humo wamo Wakongo na Warundi waliosomeshwa kwa Kifaransa. Huko Nairobi watu hulipa ada ili wapate wa kuongea naye, nawe unanuna. Jirani akikusahihisha, muulize hapo hapo: «le» au «la»?

Ulimi unaviruka vineno hivyo kwa sababu Kiswahili hakina, hilo nalielewa. Lakini wewe wa Lodwar uliyelelewa kwa Kiturkana huna kisingizio! Si unasema ekile kwa mwanamume na aberu kwa mwanamke? Hizo e- na a- zinataja jinsia, na kwa kawaida jina halitoki mdomoni bila alama ya namna hiyo. Mfaransa naye anataja, ila alama yake anaiweka kando. Ila usijidanganye kwamba jinsia zenyewe zinafanana. Akine, mbuzi, ni ya kike, na Mfaransa naye anasema «la chèvre». Haya, maziwa je? Kwenu ngakile ni ya kike, kwake ni «le lait», ya kiume. Kwa hiyo acha kukisia. Neno jipya likiingia daftarini, liingie na mwenzake: «une chaise», si «chaise». Ukiona uvivu leo, siku ya mtihani utabahatisha huku jasho likikutoka.

Nchi hazinitishi sana. «Le Kenya», kwa hiyo unaishi «au Kenya», maana «à» na «le» zikikutana zinaungana. Tanzania ni ya kike, basi «en Tanzanie». Miji iachie «à» tu: «à Lodwar», «à Kakuma», basi.

Kinachowaponza ni chai. Ukiipenda chai kwa jumla, «j'aime le thé». Ukinywa kiasi, hiki kikombe cha asubuhi, «je bois du thé». Siku umefunga hunywi: «je ne bois pas de thé». Ukikana, «du» inakuwa «de», na «une» vivyo hivyo: «j'ai une chèvre», lakini «je n'ai pas de chèvre». Kitenzi «être» ndicho kaidi, chenyewe hakibadilishi kitu: «ce n'est pas une chèvre». Nimelisema hili mpaka koo limekauka, na bado mnaniandikia «je n'ai pas du sucre». Ikate hiyo «du», mpenzi, halafu uniandikie upya.