Shina au Msuka? Istilahi za Nyonga Bandia katika Mazingira ya Meru na Embu

Utangulizi

Mchumaji wa miraa anapoanguka kutoka mtini huko Igembe, au ajuza anapoteleza mteremkoni Runyenjes, yamkini shingo ya fupa la paja ikavunjika. Daktari alisomea jeraha hilo kwa Kiingereza. Majeruhi huyaeleza maumivu yake kwa Kimeru au Kiembu. Kiswahili huwa daraja baina yao. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe matibabu yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Makala haya yanapima istilahi mbili, kipandikizi na shina, kwa kigezo kimoja: je, zinamwezesha mgonjwa kuamua?

Nyonga bandia

Nyonga ni kiungo cha tufe na kikombe. Kichwa cha fupa la paja huzunguka ndani ya kikombe kilichomo katika fupanyonga. Katika upasuaji ulioimarishwa na John Charnley huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, kichwa kilichoharibika hukatwa, kikombe kipya hupachikwa, na kichwa bandia hushikiliwa na ufito wa chuma uliotumbukizwa ndani ya fupa la paja. Ufito huo ndio ambao tafsiri sisisi huuita shina. Ule mfupi kwa kawaida haufiki sentimita 12.

Mwaka 1892 Julius Wolff alieleza kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Ufito mrefu waweza kuushusha uzito hadi chini, mfupa wa juu ukakosa kazi na kukonda. Ufito mfupi hukusudiwa kuurudishia mfupa wa juu mzigo wake na kuuhifadhi kwa ajili ya upasuaji wa pili, jambo lenye uzito kwa kijana. Hata hivyo, fito fupi kwa kawaida hazitiwi saruji; hutegemea mfupa uote na kushikamana na uso wake wenye kukwaruza. Ajuza mwenye mifupa dhaifu mara nyingi hufaa zaidi kuwekewa ufito wa kawaida uliokazwa kwa saruji ya mifupa. Hivyo basi, ufupi si ubora kwa kila mtu.

Tathmini ya istilahi

Kwanza, kipandikizi. Mkulima wa parachichi hujua kwamba kikonyo kilichopandikizwa hushika, huchipua na kuzaa. Chuma hakioti, kinachoota ni mfupa unaokizunguka. Istilahi hii yaweza kumfanya mgonjwa akitarajie kifaa kijiponye, ilhali kifaa huchakaa.

Pili, shina. Shina la mkahawa huonekana juu ya ardhi na hubeba matawi. Shina fupi humwashiria mkulima mmea uliodumaa, na mgonjwa anaweza kudhani anapewa kifaa duni. Isitoshe, ufito huu umezama ndani ya mfupa.

Kiswahili tayari kina neno msuka, yaani ncha ya kisu au shoka inayoingia ndani ya mpini. Msuka hauonekani, hushikwa na kile ulimozama. Ukilegea, chombo chote hutikisika, na kulegea ni miongoni mwa sababu kuu za nyonga bandia kufanyiwa upasuaji tena. Aidha, mpini uliooza hauushiki msuka, hata uwe mpya namna gani. Sitiari hii basi inabeba umbo, kazi na hatari ya kifaa kwa pamoja.

Kasoro yake ni kwamba vijana wengi hawalijui neno hili, na waweza kulihusisha na kusuka nywele. Kasoro hiyo hutibika: kisu cha jikoni chenye mpini wa mti chatosha kuwa kielelezo.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza kiungo bandia badala ya kipandikizi, na msuka mfupi badala ya shina fupi. Mgonjwa aliyeelezwa kwa maneno hayo anaweza kuuliza swali linalostahili kuulizwa kabla ya kutia sahihi: je, mfupa wangu una nguvu ya kuushika msuka huu?